Mshale ulikwenda kushoto, darasa likanicheka

Barua

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mwalimu wa kujitolea katika shule moja ya kata mkoani Singida. Nina miaka 27, nafundisha fizikia na hisabati, kidato cha tatu na cha nne. Wiki ya pili sasa nalikwepa darasa la kidato cha nne. Nawapa maswali ya mapitio, nawaambia wafanye kimya, mimi naenda kukaa ofisini. Sababu yenyewe naona aibu hata kumweleza mwalimu mwenzangu, ndiyo maana nakuandikia wewe usiyenijua sura.

Tulifika kwenye usumakuumeme. Maabara yetu ni kabati moja: galvanomita moja (kifaa chenye mshale unaoonyesha mkondo wa umeme unaelekea wapi), sumaku mbili ndefu zilizopakwa nyekundu upande wa kaskazini na bluu upande wa kusini, betri zilizochoka, na panya. Koili hatuna, nikatengeneza. Nilikata kipande cha bomba la plastiki, nikaomba waya wa shaba kwa fundi mmoja anayesuka mota pale mjini, nikazungusha mizunguko 300 usiku mmoja huku mke wangu akihesabu kwa sauti na mtoto akilia.

Asubuhi nikaingia darasani kifua mbele. Nikachora ubaoni kanuni ya Lenz ya mwelekeo wa mkondo, nikakunja vidole vya mkono wa kulia, nikatangaza: "Nikiingiza ncha ya kaskazini, mshale utakwenda kulia." Nikaingiza. Mshale ukaenda kushoto. Nikaitoa sumaku, nikajifanya naifuta kwa kitambaa, nikaingiza tena. Kushoto. Kijana mmoja wa nyuma akasema, "Mwalimu, huyo Lenz hajafika Singida." Darasa zima likaangua kicheko. Nikasema kifaa ni kibovu.

Hapo hapo binti mmoja wa dawati la mbele, yule asiyekubali jambo mpaka aligeuze pande zote, akaomba ajaribu mwenyewe. Akaingiza sumaku taratibu upande mmoja wa bomba, akaipitisha, akaitolea upande wa pili. Mshale ukaenda kushoto, ukarudi sifuri, ukaenda kulia. Akauliza: "Mwalimu, sumaku sijaigeuza, nyekundu bado imetangulia, na naisukuma kuelekea kule kule. Mbona mshale umegeuka?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia hilo haliji kwenye mtihani.

Halikuishia hapo. Jumatatu akaja na jibu la mjomba wake, ambaye kwa bahati mbaya ndiye fundi yule yule aliyenipa waya. Mjomba amesema nimekosea mkono, mambo ya koili ni mkono wa kushoto. Tangu siku hiyo nalala nikipinda vidole. Kitabu kimoja kinasema kulia, kingine kinasema kushoto, kingine kinataka nishike koili kama ninavyoshika kikombe. Mke wangu ananiuliza kama nimejiunga na dhehebu jipya.

Naomba unisaidie mambo mawili. Kwanza, ni mkono gani? Pili, nirudi vipi mbele ya wale watoto? Nimefikiria kununua galvanomita nyingine kwa hela yangu ili nithibitishe kwamba ile ni mbovu.

Mwalimu wa Mikono Miwili, Singida

Jibu

Marahaba, mwanangu.

Nianze na galvanomita, maana ndiyo iliyosingiziwa. Haikukosea. Mshale ulikwenda kushoto kwa sababu mkondo uliingia kwa skrubu ambayo, kwa kifaa hicho, maana yake ni kushoto. Nitakuamini kwamba vidole ulivikunja sawasawa na ulijua mkondo unazungukaje ndani ya koili. Lakini kati ya koili na mshale kuna mambo mawili ambayo hakuna mkono wa binadamu unaoyajua: waya ulizungushwa kuelekea wapi, na ncha ipi ya waya imefungwa kwenye skrubu ipi. Geuza moja kati ya hayo, mshale unageuka. Geuza yote mawili, unarudi ulipokuwa. Sasa niambie, usiku ule mama akihesabu na mtoto akilia, unakumbuka ulianza kuzungusha kuelekea wapi? Basi ulichokifanya mbele ya darasa kilikuwa ni kurusha shilingi juu na kusema itaangukia kichwa.

Kabla ya kipindi kingine, ifanyie galvanomita usaili. Tafuta betri moja ya volti 1.5 na rezista, kile kidude cha kupunguza mkondo, ya kilo-om 10. Kwenye redio mbovu huikosi: ina mistari ya kahawia, nyeusi na rangi ya chungwa, ikifuatana hivyo. Usithubutu kuunganisha betri bila rezista, waya ulioko ndani ya galvanomita ni mwembamba kama unywele na utauunguza. Ukipitia rezista hiyo, mkondo hauzidi maikroampia 150, kiasi ambacho galvanomita nyingi za shule zinakimudu. Unganisha upande wa chanya wa betri kwenye skrubu moja, tazama mshale unakimbilia wapi, kisha andika kwa marka pale pale kwenye kifaa: "mkondo ukiingia hapa, kulia". Usiandike kwenye daftari. Daftari linapotea, kifaa kinabaki kabatini na panya wako.

Halafu ichukue koili. Shika ncha moja ya waya, ufuate kwa kidole mpaka pale unapoanza kulizunguka bomba. Unapanda kwa mbele au kwa nyuma? Chora mshale mmoja mkubwa juu ya bomba kuonyesha njia ya waya kutoka ncha hiyo, na ifunge ncha hiyo kitambaa chekundu. Kazi yote ni dakika 10, na baada ya hapo utabiri wako hautakuwa wa kubahatisha tena.

Kuna mtego mmoja mdogo hapo unaowanasa hata walimu wakongwe. Koili yako, sumaku inapotembea, inakuwa ndiyo betri. Ndani ya betri mkondo hutoka hasi kwenda chanya, nje hutoka chanya kwenda hasi. Kwa hiyo ncha ya waya ambayo mkondo unatokea ndiyo chanya, na kutoka hapo ndipo unaingia kwenye galvanomita. Wengi wanaikokotoa koili vizuri kabisa, halafu wanapoulizwa "ncha ipi ni chanya?" wanachagua ile ambayo mkondo unaingilia, kana kwamba koili ni balbu.

Sasa tuje kwa huyo Lenz ambaye hajafika Singida. (Yule kijana usimwadhibu. Mimi ningempa alama.)

Emil Lenz alizaliwa mwaka 1804 Dorpat, mji ambao leo unaitwa Tartu na uko Estonia, akafanya kazi St Petersburg, Urusi. Miaka miwili kabla ya kanuni yake, kule London, Michael Faraday alikuwa ameshafanya kile ulichokifanya wewe: tarehe 17 Oktoba 1831 alisukuma sumaku ndani ya koili na kuona mshale ukicheza. Umeme ulikuwa umepatikana, lakini kujua utaelekea wapi ilibidi ukumbuke kila hali na jibu lake, kama dawa za mganga. Lenz, mwaka 1833, akayakusanya yote katika sentensi moja: mkondo unaochochewa hufuata mwelekeo ambao athari zake zinapinga badiliko lililouzaa.

Soma tena lile neno: badiliko. Nina hakika, ingawa sikuwepo, kwamba ubaoni uliandika "mkondo unapinga uga wa sumaku" (uga ni eneo ambalo nguvu ya sumaku inafika). Karibu kila daftari la mwanafunzi nililowahi kusahihisha lilikuwa na sentensi hiyo, na chanzo chake ni sisi walimu tunaotafsiri papo hapo huku chaki ikiisha. Kama koili ingekuwa inapinga uga wenyewe, basi ungeweza kuiweka sumaku ndani ya bomba, ukaenda kunywa chai, ukarudi ukakuta mshale bado umeinama. Hauinami. Sumaku ikitulia, hata iwe na nguvu kiasi gani, mshale uko sifuri. Koili haina habari na sumaku iliyotulia.

Mimi Lenz namfananisha na marehemu mama mkwe wangu. Ukibisha hodi analalamika kwamba hukutoa taarifa, wali hautoshi, nyumba ina wageni tayari. Ukishakaa, kimya, kila mtu na shughuli zake. Ukiaga, kiatu chako kimoja hakionekani. Hakuchukii wala hakupendi kupita kiasi, anachokataa ni hali ya nyumba kubadilika. Koili ni hivyo hivyo. Ncha ya kaskazini ikija, uso wa koili unaoitazama unageuka kaskazini ili kuisukuma. Ncha hiyo hiyo ikianza kuondoka, uso ule ule unageuka kusini ili kuivuta isiende.

Weka hilo kwenye mchoro wako. Sumaku inatoka kushoto kwa bomba, nyekundu mbele. Inakaribia, kwa hiyo uso wa kushoto wa koili lazima uwe kaskazini. Sasa ndipo mkono wa kulia unapoingia, ule wa kushika kikombe: elekeza dole gumba kule iliko kaskazini ya koili, yaani kushoto, vidole vinne vilivyokunjwa vitakuonyesha mkondo unakozunguka. Kama mkono unakuchanganya, tumia herufi. Andika N kubwa, na kwenye miisho yake miwili weka vichwa vya mishale: vinazunguka kinyume na saa. Andika S, fanya hivyo hivyo: vinafuata saa. Uso wa kaskazini, mkondo ni kinyume na saa. Uso wa kusini, unafuata saa.

Lakini unautazama kutoka wapi? Hapa ndipo nusu ya ugomvi wote wa madarasani ulipo, na vitabu vingi vinapita juu juu. Kauli ya "kinyume na saa" ni ya mtu aliyesimama upande wa kushoto wa bomba, macho yakiutazama uso ule. Aliyesimama kulia anauona mkondo huo huo ukifuata saa. Chukua bakuli la kioo, weka tone la maziwa kwenye maji, koroga, muite mke wako atazame kwa juu na wewe chungulia kwa chini. Kila mmoja atasema mwenzake kakosea. Siku ya kipindi, simamisha wanafunzi wawili kila upande wa bomba na uwaulize. Waache wabishane kidogo kabla hujasema chochote.

Sasa swali la yule binti, ambalo ulilitupa nje ya mtihani. Mwanangu, katika barua yako yote lile ndilo swali la maana kuliko yote, na jibu lake unalo tayari. Anasema sumaku hajaigeuza na safari ni ile ile. Kweli. Ila koili haihesabu safari, inahesabu ni uga kiasi gani unaipenya. Sumaku inapoingia, uga unaoipenya unaongezeka, koili inapinga ongezeko. Katikati ya sumaku inapokuwa katikati ya koili, uga uko kileleni, na kitu kilichofika kileleni kwa nukta hiyo hakipandi wala hakishuki, ndiyo maana aliuona mshale ukirudi sifuri. Anapoendelea kusukuma, uga unapungua, koili inapinga upungufu. Kwa lugha ya mama mkwe: binti alibisha hodi mlango wa mbele, akapita sebuleni, akaagia mlango wa nyuma.

Ukitaka kulihakiki kwa nyuso, tazama mkia. Kinachochelewa kutoka upande wa kulia ni ncha ya bluu, kusini. Koili inataka kuizuia, kwa hiyo uso wake wa kulia unakuwa kaskazini ili kuivuta. Kwa aliyesimama kulia, kinyume na saa. Kwa aliyesimama kushoto, mkondo huo huo unafuata saa, na mwanzoni yeye yule alikuwa ameuona kinyume na saa. Mkondo umegeuka. Mshale umegeuka. Binti aliona sawa.

Ushukuru pia kwamba alisukuma taratibu. Ungemwachia aiangushe sumaku ipite kwa kishindo, mshale ungetetemeka tu, maana mshale ni mzito na mivutano miwili ya pande tofauti ingeufikia karibu kwa wakati mmoja na kufutana. Mkono wa polepole wenye kituo katikati ndio uliofichua siri.

Nakuja kwenye mikono. Fundi hakudanganya. Amezungumza kutoka kwenye kazi yake. Mota inapewa umeme na inatoa mzunguko, na hiyo ni kanuni ya Fleming ya mkono wa kushoto. Wewe unatoa mwendo na unataka umeme, hiyo ni ya kulia. John Ambrose Fleming alikuwa akifundisha chuo kikuu London mwishoni mwa karne ya 19, na vidole hivi vilikusudiwa kuwasaidia wanafunzi kukumbuka pande. Kwa hiyo hukuanza wewe kuchanganyikiwa. Kwa wanafunzi wangu nilitumia sauti: m-ot-a, kush-ot-o. Zina "ot" ndani yake zote mbili. Jenereta haina, inakwenda kulia.

Vidole vyenyewe ni vitatu, vimesimama kila kimoja pembe mraba na mwenzake: gumba ni mwendo, cha shahada ni uga kutoka kaskazini kwenda kusini, cha kati ni mkondo. Ila vina masharti. Kwanza, vimetengenezwa kwa waya ulionyooka unaokata uga. Kwa sumaku na koili kama yako, viache vipumzike, nenda na nyuso. Pili, gumba ni mwendo wa waya. Kama waya umetulia na sumaku ndiyo inayokwenda kulia, basi ukikaa juu ya sumaku unauona waya ukija kushoto, na gumba lazima lielekee kushoto. Hili limewaangusha watahiniwa wengi waliokuwa na akili timamu kabisa.

La tatu utacheka. Kwenye chumba cha mtihani, mtoto anayeandika kwa mkono wa kulia ameshika kalamu kwa mkono huo huo. Swali linamtaka akunje vidole vya kulia. Bila kufikiri anainua mkono ulio huru, wa kushoto, anapata jibu kinyume, anaandika kwa kujiamini. Nimesimamia mitihani, nimeona kwa macho yangu safu nzima ya watoto wakipinda mkono wa kushoto kwenye swali la dainamo, yaani jenereta ndogo, na sheria hainiruhusu kufungua mdomo. Waambie wako: weka kalamu mezani kwanza.

Na ukitaka kuwapatanisha mjomba na mwalimu, fanya mchezo huu ubaoni. Chora waya wima, uga unaingia ndani ya ubao, waya unasukumwa kwenda kulia. Mkono wa kulia: mkondo unapanda juu. Vizuri. Sasa waya una mkondo na uko ndani ya uga, kwa hiyo nao ni mota, mwite mjomba na mkono wake wa kushoto: uga ndani ya ubao, mkondo juu, gumba linaelekea wapi? Kushoto. Waya unasukumwa kurudi ulikotoka. Badilisha mwelekeo wowote unaotaka, urudie mara 10, kila mara mkono wa mjomba utaonyesha kinyume cha mwendo ulioanza nao. Huyo ndiye Lenz, amejitokeza mwenyewe bila kuitwa jina.

Kwa nini iwe hivyo na isiwe vinginevyo? Wanafunzi wako wakiuliza, na yule binti atauliza, waulize kama kuna aliyewahi kupanda baiskeli yenye dainamo. Huko kwenu bado zipo. Unakibonyeza kidude kiegemee tairi, taa inawaka, na papo hapo pedali inakuwa nzito. Wajuaji watasema ni msuguano wa tairi, na wana haki nusu. Basi wafanye hivi: wanyanyue gurudumu la nyuma, wazungushe pedali kwa mkono dainamo ikiwa imeegemea tairi, kisha mtu achomoe waya wa taa. Msuguano upo pale pale, lakini pedali inakuwa nyepesi kidogo. Rudisha waya, uzito unarudi. Dainamo ya kawaida ni volti 6, wati 3, na hizo wati 3 za taa, pamoja na zinazopotea kama joto njiani, zinatoka kwenye ugali uliokula. Saluni yenye jenereta utaisikia pia: mtu akichomeka pasi, injini inaguna kabla haijaongezewa mafuta.

Sasa geuza kanuni. Tuseme koili inaikaribisha sumaku badala ya kuisukuma. Unaigusa sumaku kidogo tu kuelekea bomba, koili inaivuta, inakwenda kasi zaidi, mkondo unaongezeka, koili inaivuta zaidi. Umeme bure, milele, kwa kidole kimoja. Lile bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lenye mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, lisingehitaji maji zaidi ya ndoo moja ya kuanzia. Maji mengi yale yanahitajika kwa sababu kila mtambo, ukishaunganishwa na majiko na viwanda vyetu, unakataa kuzunguka.

Onyo: usiwaahidi watoto kwamba watausikia ukinzani huo mkononi kwa koili yako ya mizunguko 300. Hawatausikia, ni mdogo mno, na utachekwa tena. Ukitaka waone kwa macho, tafuta kipande cha bomba la alumini, hata la pazia, lakini kwanza ligusishe sumaku. Ikinata, hilo ni chuma, liache. Isiponata, dondosha ndani yake sumaku ndogo yenye nguvu inayopita bila kubana, kama zile za mviringo za spika ndogo. Inateremka kama inashuka ndani ya asali, wakati kipande cha msumari kilichodondoshwa pembeni yake kimeshagonga sakafu.

Sasa kuhusu kurudi darasani. Rudi kesho. Kila siku unayokaa ofisini, wale watoto wanaihesabu. Usianze na hotuba ya kuomba radhi, itawachosha. Ingia na betri yako, rezista na galvanomita, sema: "Juzi nilisema hiki kifaa ni kibovu. Tukipime." Kitapona mbele yao wenyewe. Kisha mwite binti, mwambie swali lake ulilikimbia, arudie jaribio lake, na safari hii kabla hajasukuma kila mtu aandike utabiri wake kwenye karatasi: kuingia, katikati, kutoka. Wewe pia andika. Ukikosea tena, kuna sababu, na sasa una alama za marka za kuitafutia.

Ile kauli ya "haliji kwenye mtihani" ifute kwenye kinywa chako. Nami niliwahi kuitumia mwaka wangu wa kwanza, kwa kijana aliyeniuliza kwa nini transfoma inaunguruma. Hakuniuliza tena kitu chochote mpaka anamaliza shule.

Mjomba mwalike. Hana cheti, sawa, lakini amesuka mota nyingi kuliko michoro yote uliyowahi kuchora, na anajua jambo ambalo wewe umelijua kwa kuumbuka: ukikosea upande wa kuzungusha koili moja, mota haiendi sawa na mteja anarudi na maneno. Mwombe aje na mota iliyofunguliwa, awaonyeshe watoto anavyoweka alama mwanzo na mwisho wa kila koili kabla hajaunga. Wewe ufundishe mkono wa kulia, yeye wa kushoto.

Hela ya galvanomita mpya usiitoe. Nunua betri moja na marka, na kwa masalia yake mletee mama aliyehesabu mizunguko 300 kitu kizuri.